Kuingiza kampuni mtandaoni ukiwa Dar: anzia stoo, tovuti iache mwisho

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananipigia, kaka nataka kampuni yangu iingie mtandaoni, fundi wa tovuti ameniambia milioni mbili na nusu, nimlipe nisimlipe? Namuuliza kitu kimoja tu. Nikikuagiza sasa hivi shuka la sita kwa sita la bluu bahari, unaweza kuniambia lipo au halipo bila kumtuma kijana akapekue stoo? Hapo simu inakaa kimya. Basi hela ya fundi ibaki kwanza mfukoni.

Naongea hivi kwa sababu tulishaungua. Mjomba wangu ana kampuni ya mapazia, mashuka na vitambaa vya makochi pale Kariakoo, maduka mawili na stoo ghorofa ya tatu, watu tisa pamoja na mimi niliyekuwa natunza hesabu. Mwaka 2020 tuliingia kichwa kichwa, tukamlipa fundi, tovuti ikatoka nzuri kweli, picha za mapazia ya Ulaya ambayo hata hatuyauzi, na kwa miezi minne tukapata oda sita, mbili kati ya hizo mzigo haukuwepo. Alafu fundi akaacha kupokea simu, na tulipotaka kuhama tukagundua jina la tovuti kalisajili kwa jina lake mwenyewe. Tukaanza upya 2022, safari hii taratibu, miezi kama sita, na ndo mpango huo wa pili ninaouandika hapa. Mfano wangu ni mapazia lakini ukiuza spea, vifaa vya umeme au vitabu vya shule njia ni ileile.

Fungua kauntabuku kwanza

Kabla hujaamua chochote chukua mauzo ya miezi 3 iliyopita na kila uzo uweke alama: huyu alikuja mwenyewe dukani, huyu alipiga simu, huyu alituma picha WhatsApp akauliza kama ipo, huyu ni wa mkoani tulimtumia kwa basi. Kama huna kumbukumbu kaa na wauzaji wako wakueleze, wao wanajua. Sisi tulipofanya hivyo tukakuta karibu theluthi ya mauzo tayari yanaanzia kwenye simu, tena simu binafsi za wauzaji, kampuni haijui namba hata moja. Yaani tulikuwa mtandaoni miaka mingi bila mpango, na siku dada mmoja alipoacha kazi aliondoka na wateja wa Mwanza na Mbeya wote kwenye simu yake.

Kwahiyo swali la kwanza la mpango ni unahamisha kipi. Mteja wa rejareja anayetaka pazia la sebuleni hana mambo yanayofanana na yule wa jumla anayechukua marobota kwenda Kongo, au lodji inayotaka mashuka 60 na inataka profoma (karatasi ya bei kabla ya kulipa) na risiti. Usiwahamishe wote siku moja. Sisi tulianza na rejareja ya Dar peke yake na bidhaa 40 tu kati ya mia tatu na kitu, zile zinazotoka kila siku. Mjomba alinuna, akaniambia "mjomba, sasa hizo zingine tunazificha za nini?" Nikamwambia hatuzifichi mjomba, ziko dukani, ila kwenye simu tunaonyesha tunachoweza kukijibia.

Stoo

Hapa ndo penye kazi na hapa ndo watu wanaparuka. Tulifunga Jumapili mbili tukahesabu. Kila bidhaa ikapewa kodi (namba yake ya utambulisho, sio kodi ya TRA), tukaandika kwa maka peni kwenye masking tepu tukabandika kwenye rafu, kitu kama MP14-MRN, yaani mapazia aina ya 14 rangi ya maruni. Alafu jedwali moja kwenye Google Sheets, nguzo nane tu: kodi, jina, rangi, saizi, idadi, bei ya rejareja, bei ya jumla, na ilipo. Hiyo nguzo ya mwisho usiidharau, ndo inayomfanya kijana apande ghorofa ya tatu akashuka dakika tano badala ya nusu saa. Siku ile tulikuta marobota matatu ambayo mjomba alishaapa yameuzwa, na tukakuta mashuka ya "bluu bahari" yameandikwa majina manne tofauti kutegemea nani aliandika.

Programu za kulipia za kuendesha stoo zipo nyingi, wala sizipingi, lakini kama watu wako hawawezi kujaza jedwali la nguzo nane kila jioni hawataweza kujaza programu ya laki moja kwa mwezi.

Sheria tuliyojiwekea: duka likifungwa, kabla hela haijahesabiwa, mtu mmoja (sio kila mtu, mmoja) anapunguza vilivyouzwa. Na ya pili, ikibaki miwili ya kitu chochote, mtandaoni kinaandikwa kimeisha. Kwa nini? Kwa sababu ule wa mwisho utauzwa mara mbili, mteja mmoja amesimama kaunta na mwingine ameshalipia akiwa Tegeta, na atakayeenda kukusema Instagram ni yule wa Tegeta.

Picha, vipimo na bei

Weka bei. Najua mtaani mazoea ni "bei DM" na mtu ana sababu zake, anaogopa jirani wa duka la pili atashusha buku. Huyo jirani anajua bei yako, alikuja kuuliza jana kama mteja. Anayefukuzwa na "bei DM" ni mtu aliyeko kwenye daladala ana bando la kuunga unga na anaangalia maduka sita kwa mpigo, atanunua kwa aliyeandika.

Picha piga mwenyewe kwa simu, karibu na dirisha, saa tatu mpaka saa tano asubuhi, taa zimezimwa, filta hapana. Kwa vitu vya rangi weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ndani ya picha, kama karatasi inaonekana ya njano basi na pazia limedanganya. Maruni ndo ilitutesa, kwenye simu nyingi inatoka nyekundu. Tulichofanya baadaye ni kuongeza video ya sekunde kumi mtu anaikunja ile nguo mkononi, malalamiko ya rangi yakapungua sana.

Vipimo ni somo jingine kabisa. Mteja anakwambia "dirisha langu ni la kawaida". Hakuna dirisha la kawaida. Tukatengeneza picha moja yenye mishale tunayomtumia kila anayeuliza: pima fimbo ya pazia sio dirisha, alafu pima kutoka kwenye fimbo mpaka unapotaka pazia liishie, nitumie namba mbili hizo na useme ni futi au sentimita. Fimbo ya mita 2 inataka kitambaa cha upana wa mita 4 hivi ili pazia likae na mawimbi, ukikata mita 2 kwa 2 linakaa limevutwa kama turubai. Mteja asipoelezwa hilo anadhani unamuongezea mita umlie hela. Kila biashara ina "dirisha la kawaida" lake, wa spea ni mwaka wa gari, wa viatu ni namba ya China na ya Ulaya, litafute la kwako uliandikie maelezo kabla oda hazijaanza.

Mlango mmoja kwanza

Kwa Dar nashauri WhatsApp Business ndo iwe kaunta, Instagram iwe kioo cha nje. Sio vyote kwa siku moja, sijui TikTok sijui Facebook, hutaweza kujibu.

Jambo la kwanza ni laini. Isajiliwe kwa jina la kampuni, sio kwa NIDA ya dada wa kaunta wala ya shemeji. Simu ikae ofisini, haiendi nyumbani na mtu. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha vifaa vingine vinne kwenye namba moja kwahiyo watu wawili watatu wanaweza kujibu bila kugombania simu. Washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo, na ile kodi ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji hapewi mtu, hata akisema ni fundi wa mtandao, hata akijua jina la mama yako. Akaunti za Instagram za biashara zinaibiwa kila siku kwa mchezo huohuo.

Ndani ya WhatsApp Business kuna katalogi, inabeba bidhaa mpaka 500, weka zile 40 zako na kodi zake zilezile za stoo, ili mteja akikutumia picha wewe unasoma MP14-MRN unajua rafu. Kuna lebo, sisi tunatumia nne: ameuliza, amelipia, imetoka, ina tatizo. Na kuna majibu ya haraka, unaandika mkwaju (/) na neno moja jibu zima linatokea. Ukikaa siku tatu na hiyo simu utaona maswali ni yaleyale, shingapi, mko wapi, mnatuma mkoani, inapungua, mnalipwa mzigo ukifika? Yaandikie majibu lakini yasisomeke kama roboti. Letu la "inapungua" linasema: "Hiyo ni bei ya mwisho dada yangu kwa moja, ukichukua kuanzia nne tunaongea." Ni lugha ya dukani, na mteja anaijua.

Muda wa kujibu uandike waziwazi, kwetu ni saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili hapana. Hapo kati jibu ndani ya dakika kumi. Orodha za kutuma kwa wengi zinachukua watu 256 kila moja, na meseji inamfika tu aliyehifadhi namba yako, kwahiyo kila anayenunua mwambie tusevu tukutumie mzigo mpya ukishuka. Sio kila siku bwana, mara mbili kwa mwezi inatosha.

Na namba za wateja zinakiliwe kwenye jedwali lako mwenyewe kila wiki. Jumia ilipofunga Tanzania Novemba 2019, waliokuwa wameegemea huko peke yake walibaki na bidhaa bila wateja. Soko la mtu mwingine lifanyie biashara ila usilale humo.

Hela

Chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa simu. Mteja wa Dar anajua kuitumia na cha muhimu, kabla hajaweka namba ya siri linamtokea jina la biashara, hapo ndo wasiwasi wake unapoishia. Ukimpa namba ya kawaida inayotoa jina la mtu binafsi atakumbuka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" na hatarudi. Jina kwenye Lipa Namba lifanane na jina la Instagram na la bango la duka, yetu ya kwanza ilitoa jina la zamani la kampuni na watu wakawa wanaghairi kwenye hatua ya mwisho kabisa. Siku hizi mifumo inaingiliana, mtu wa Airtel Money au Mixx by Yas anaweza kulipa Lipa Namba ya M-Pesa, lakini jaribu mwenyewe na laini zote nne kabla hujatangaza, na andika makato anabeba nani.

Sasa skrinishoti. Hakuna mzigo unaotoka kwa skrinishoti wala kwa meseji ambayo mteja amekufowadia. Tulipigwa mara moja, mashuka seti tatu na dela la mke wa mjomba lililokuwa linapelekwa kwa fundi likaingia humohumo kwenye mfuko kwa bahati mbaya, hilo la dela ndo lililoleta vita nyumbani. Meseji ilikuwa imeandikwa vizuri kila kitu, tatizo ilitoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la mtandao na yule kijana mgeni hakuangalia. Tangu siku hiyo anayethibitisha hela ni mhasibu, anaangalia salio au taarifa ya miamala yenyewe, anaandika namba ya muamala kwenye jedwali, ndo lebo inabadilika kuwa amelipia. Muuzaji hathibitishi. Hata kama mteja anafoka kwamba bodaboda ameshakaa nusu saa.

Kulipa mzigo ukifika, sisi tunakubali ndani ya Dar kwa vitu ambavyo havijakatwa. Kikishakatwa kwa kipimo chako, nusu mbele. Na kwa mkoani yote mbele. Wengi wanauliza kuhusu kulipwa kwa kadi, hapo utahitaji kampuni ya malipo katikati kama Selcom, Pesapal, AzamPay au ClickPesa, wana masharti na makato yao, nenda ukiwa na cheti cha BRELA (cha usajili wa kampuni), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara. Lakini hiyo ni ya mwezi wa tano wa sita huko.

Kupeleka

Ramani ya Dar kwa mtu wa dilivari ni barabara nne na maji. Bagamoyo Road mpaka Bunju, Morogoro Road mpaka Kibamba, ya uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto na Chanika, Kilwa Road kwenda Mbagala na Kongowe, alafu Kigamboni ambako ama unavuka pantoni ama unazunguka darajani. Panga bei kwa barabara na umbali kutoka dukani kwako, iandike, iwe kwenye majibu ya haraka. Ukimwambia kila mteja "tutaangalia na boda" utakuwa unabishana mara thelathini kwa siku. Na oda za barabara moja zitoke pamoja, boda mmoja anaanza Mwenge anamalizia Tegeta, gharama inagawanyika. Sisi tuna safari mbili, saa tano na saa tisa, aliyelipia baada ya saa tisa ni kesho na anaambiwa ni kesho.

Anwani za makazi zimewekwa, vibao vya mitaa vipo, ila uliza mteja yuko wapi utajibiwa hivi (hii niliinakili): "Shuka Kimara Stop Over, vuka upande wa pili, njoo na njia ya vumbi kuna duka la mangi, ukifika hapo piga." Usibishane naye. Omba lokesheni ya WhatsApp NA hayo maelezo, vyote viwili, maana lokesheni peke yake imeshatupeleka nyuma ya ukuta wa jirani mara nyingi tu. Namba mbili za simu pia, simu za watu zinazima.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, Jangwani hujaa maji na njia inafungwa. Weka siku moja ya ziada kwenye ahadi zako miezi hiyo. Mapazia yanafungwa kwenye nailoni ya kiwandani kwanza ndo yaingie mfuko mbadala, na usiwaze kurudisha mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Mkoani ni basi. Kifurushi unakipeleka ofisi ya basi Shekilango au kituo cha Magufuli kule Mbezi, kiwe kimeshonwa kwenye salfeti, jina na namba ya mpokeaji imeandikwa kwa maka peni pande mbili. Piga picha tatu: kifurushi, stakabadhi, na namba ya basi. Mtumie mteja zote tatu hapohapo. Hizo picha zimetuokoa kuliko bima yoyote, maana mzigo ukichelewa mteja anaenda stendi na picha yake badala ya kukutukana.

Akirudisha

Andika masharti mafupi kabla ya oda ya kwanza. Yetu: siku tatu, haijafuliwa, haijakatwa, nauli ya kurudisha ni ya mteja kama kabadilisha mawazo na ni yetu kama tumekosea sisi. Mjomba alisema tutafilisika. Hatukufilisika, wanaorudisha ni wachache na wengi wanabadilisha rangi tu. Ukikosea wewe, rudisha hela siku hiyohiyo bila maneno mengi.

Karatasi

Kuuza kwenye simu hakujakutoa TRA. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, inatoka palepale kama ya kaunta, tunaipiga picha tunamtumia mteja WhatsApp na ya karatasi inaingia kwenye mfuko. Mauzo ya mtandaoni yanajumlishwa na ya dukani kwahiyo angalia jumla isije ikakupita: kizingiti cha kusajiliwa VAT kilipandishwa 2023 kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa miezi 12, na hela za Lipa Namba zina kumbukumbu zote, sio kama za droo. Kila Julai Sheria ya Fedha mpya inaanza na inaweza kugusa viwango, kaa na mhasibu wako mwezi huo.

Jingine ambalo wengi hawalijui ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo. Lile jedwali lako lenye majina, namba na nyumba za watu ni taarifa binafsi, kampuni inayokusanya inatakiwa kujisajili na Tume, na haruhusiwi kijana wa stoo kumuuzia mtu wa vikoba hizo namba. Weka nywila, weka watu wawili tu wenye ruhusa ya kuliona. Na maongezi ya WhatsApp yatunze usiyafute, kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayotambua makubaliano ya njia hiyo, mkija kugombana juu ya mita ngapi ziliagizwa yatakusaidia.

Watu wako

Hii ningeiweka juu kabisa ila ungeiruka. Mwezi wa pili tangu tuanze kuuza mtandaoni mauzo ya huko yalikwama na hatukuelewa kwa nini, wateja wanauliza, wanajibiwa, hawanunui. Nikakaa nasoma maongezi usiku mmoja nikaona: dada wa zamu alikuwa anawaambia wote "njoo tu dukani ndo utaona vizuri". Nikamuita, tukanywa chai, nikamuuliza taratibu. Akasema kaka, mimi kamisheni yangu ni ya kaunta, huyo akilipia kwenye simu mimi napata nini? Alikuwa sahihi kabisa, sisi ndo tuliokosea. Tulimpa mtu simu ya kampuni tukasahau kubadilisha hesabu za mshahara.

Tukabadilisha: oda ya mtandaoni ina kamisheni ileile ya kaunta, inagawanywa kwa aliyejibu na aliyefungasha. Wiki ileile mambo yakafunguka. Kwahiyo kabla hujanunua simu mpya ya kampuni kaa na wauzaji, waulize nani atapoteza nini tukihamia huko, na ulipe hilo pengo. Mwandishi mzuri wa Kiswahili cha duka mpe simu, sio lazima awe yule kijana anayejua kompyuta. Bora yetu ni mama wa miaka 50 na kitu ambaye alikuwa fundi cherehani, anajua kuuliza "sebule yako rangi gani mwanangu" na mteja anaishia kununua na ya chumbani.

Siku mtandao ukizima

Itatokea. 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima kwa siku kadhaa, na mwishoni mwa Oktoba 2025 ikazimwa kabisa siku kadhaa. Chapisha jedwali la oda zilizolipiwa kila jioni, karatasi moja tu, majina na namba za kawaida za simu. Siku ya giza unapiga simu na kutuma meseji za kawaida, mzigo wako uko njiani, usiogope. Pawabenki mbili zilizojaa pia, LUKU ikikata hapo ndo utajua oda zinakujaga muda gani.

Tovuti na matangazo, sasa

Ukifika hapa na jedwali liko sawa miezi mitatu mfululizo, hapo ndo tovuti ina maana, hasa kwa wale lodji na ofisi wanaotafuta Google na wanataka kuona kampuni ina anwani. Jina la .co.tz lisajiliwe kwa jina la kampuni, kwa barua pepe ya kampuni, na nywila uwe nazo wewe, hilo liwe kwenye mkataba na fundi kabla ya malipo ya kwanza. Kurasa tano zinatosha na kitufe cha WhatsApp. Weka pia duka lako kwenye Google Maps, ni bure, na kwa Kariakoo ambako mteja anapotea ndani ya mita hamsini hiyo inauza kuliko tovuti yenyewe.

Matangazo ya kulipia anza na elfu tano kwa siku, bidhaa moja, wiki moja, umelenga Dar peke yake. Hesabu sio laiki, hesabu waliouliza na waliolipia, gawa hela uliyotumia kwa waliolipia. Kama kumpata mteja mmoja kunakula zaidi ya faida ya shuka, zima, rudi kwenye picha.

Kuhusu kalenda: kwetu msimu ni kabla ya Idi na kabla ya Krismasi, kila mtu anabadilisha pazia. Usianze mpango humo. Anza mwezi uliopoa, stoo na kodi mwezi wa kwanza, picha na laini wa pili, kuuza kwa marafiki na wateja wa zamani tu wa tatu, wa nne ndo utangaze, ili fujo za msimu zikukute umeshakosea makosa ya kitoto. Kauntabuku msilitupe, mjomba bado anaandika la kwake kila jioni na jedwali langu likipishana nalo tunapanda wote stoo, na mpaka sasa mara nyingi mwenye kosa ninakuwa mimi.